Mashetani wa Mtu wa Kikwetu



Msimu wa korosho uliopita niliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja, upande wa Mahuta, nikaamue neno kati yake na mkewe. Nilikwenda nikidhani ni habari ya fedha, maana msimu wa korosho huleta neema na ugomvi katika gunia moja. Kumbe sivyo. Mwalimu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kumwuguza ndugu yake, na siku ya kurudi akapita sokoni Mwenge, penye wachongaji, akanunua kibao kilichopakwa rangi, ukubwa wake kama sinia ya kulia watu watano. Alipofika alikitundika sebuleni, mkabala wa mlango, karibu na picha ya arusi yao. Mkewe akakigeuza, kikatazama ukuta. Mume akakigeuza tena. Wakaendelea hivyo siku nne, wala hakuna aliyesema neno, hata watoto wakaanza kucheka.

"Katekista," yule mama akaniambia, "tazama mwenyewe. Mume wangu ameleta mashetani nyumbani, tena kwa fedha za korosho. Na hapa ndipo nifundishiapo watoto sala."

Nikakigeuza kibao. Palikuwa na watu wanne, ikiwa ni watu. Masikio yao yalikuwa mapana kama majani ya magimbi, midomo mizito, matumbo yametangulia mbele, na miguu yao ina vidole viwili viwili. Mmoja amebeba mtoto mgongoni, mmoja amejitwika mtungi, wawili wanacheza ngoma. Nyuma yao kila nafasi imejazwa madoa na mistari, hapana mahali pa kuweka hata ncha ya sindano. Rangi zake zilikuwa kali mno, nyekundu na buluu na manjano, kama nguo za siku ya sikukuu. Nami sifichi: kwa dakika ya kwanza nilikuwa upande wa mama.

Mwalimu akasema, "Aliyeniuzia alinieleza kwamba hii ni namna ya Lilanga, wameiiga vijana waliofuata mkono wake. Na Lilanga ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Masasi."

Jina hilo nilikuwa nimelisikia, lakini habari zake sikuzijua. Basi sikuamua neno siku ile. Niliomba nipewe muda, nikaenda nikasoma na kuwauliza wajuao. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua nyumba ile si nyumba ya pekee.

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, wilaya ya Masasi, naye alikuwa Mmakonde. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Newala na Tandahimba Mmakonde ni nani, lakini gazeti hili hufika mbali, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Watu wetu wako pande zote mbili za mto Ruvuma: kusini kwenye nyanda za Mueda katika Msumbiji, na kaskazini kwenye nyanda hizi zetu. Wengi wa ng'ambo ile walivuka mto zamani za ukoloni, wakikimbia kazi za kulazimishwa na kodi za Wareno, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Walikuja na majembe yao, walikuja na ngoma zao, na walikuja na patasi zao.

Katika nyumba zetu kuchonga ni jambo la asili kabisa. Wazee husimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja tu, akikaa porini peke yake, haogi wala hanyoi nywele. Siku moja akachonga gogo kwa umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya kibanda chake. Kulipokucha gogo lile lilikuwa mtu hai, akawa mkewe. Wakaoga mtoni, wakakaa karibu na maji. Mwanamke akazaa, mtoto akafa. Wakahamia juu kidogo. Akazaa tena, mtoto akafa. Wakapanda mpaka juu kabisa, palipo na vichaka vizito, na huko mtoto wa tatu akaishi, na kwake yeye ndiko tulikotoka. Husemwa kuwa ndiyo sababu wazee wetu walikataa kukaa mabondeni, wakachagua kukaa juu pasipo na maji, na bibi zetu wakatembea toka usiku wa manane kushuka na kupanda na mitungi, mpaka miaka ya 1950 mabomba yalipoanza kupandisha maji juu ya nyanda. Mimi mwenyewe nilipewa kisa hiki na bibi yangu kabla sijafundishwa Kitabu cha Mwanzo. Sikitaji hapa ili nikilinganishe na Maandiko. Nakitaja ili ionekane kwamba kwa Mmakonde mchongaji si fundi wa kando ya kijiji. Mtu wa kwanza katika hadithi zetu alikuwa na patasi mkononi.

Lilanga alijifunza kama wajifunzavyo watoto wote wa kazi hiyo. Mtoto hapewi mpingo. Mpingo ni mti mgumu na wa thamani, na kosa moja halirekebiki. Huanza na mhogo, akachonga ndege au kichwa cha mtu, kisha akakila chakula chake cha mazoezi. Baadaye hupewa mti mwororo, na mwisho ndipo huukabili mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lilanga alikuwa amekwisha ingia katika kazi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafunga safari kwenda Dar es Salaam, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini, kutafuta riziki.

Sasa nataka msomaji anisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye habari iliyonigusa kuliko zote.

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alianzisha pale mjini mahali palipoitwa Nyumba ya Sanaa. Vijana waliokuwa hawana kazi, na wengine waliokuwa na vilema vya mwili, walipewa karatasi, wino, nguo za kutia rangi na vibao vya kuchora, wakatengeneza vitu vya kuuza. Jamaa mmoja wa Lilanga, mchongaji aitwaye Augustino Malaba, alikuwa akifanya kazi huko, naye ndiye aliyemwombea nafasi. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya mlinzi wa usiku. Basi mtu ambaye baadaye kazi zake zingetundikwa katika miji mikubwa ya Ulaya aliingia katika Nyumba ya Sanaa akiwa mtu wa kulinda mlango wake.

Nimelifikiri sana jambo hili. Ni wangapi katika mitaa yetu tunawapita langoni asubuhi, tukawaambia "Habari za usiku?" tusingoje hata jibu? Lilanga alikuwa na mikono yenye kazi ndani yake, na mikono hiyo ilishika rungu na kurunzi. Lakini wenye nyumba ile walikuwa na macho. Waliona alichokuwa akikifanya, wakampa karatasi na kalamu, na ulinzi ukapata mtu mwingine. Mwaka 1974 kazi zake zilionyeshwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika jumba la utamaduni la Wamarekani pale Dar es Salaam. Mwaka 1978 zikavuka bahari mpaka Washington, katika maonyesho makubwa ya kazi za Waafrika, na humo kazi zake zilikuwa nyingi mno. Ni miaka michache tu toka rungu mpaka Washington.

Humo Nyumba ya Sanaa hakukaa na kazi moja. Alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi. Alichora juu ya ngozi ya mbuzi iliyonyoshwa. Alifanya picha za nguo kwa nta na rangi, na picha za kukwaruzwa juu ya bati la madini kisha zikapigwa chapa, ili mchoro mmoja uweze kutoa karatasi nyingi. Alichonga pia, lakini si mpingo tu. Alichukua mti mwororo, akauchonga, kisha akaupaka rangi toka utosini mpaka kwenye nyayo. Kwa mchongaji wa Kimakonde jambo hili lilikuwa kama uasi, maana sifa ya mpingo ni weusi wake, na fundi huung'arisha tu, hauvalishi nguo.

Na rangi je, aliipata wapi? Hapa yaingia habari ya jirani mwingine wa kusini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyekuwa amefanya kazi katika mkonge wa Tanga na kazi za namna namna mjini, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya ujenzi, kwa rangi ya mafuta ile ipakwayo baiskeli. Hakuwa na rangi za wachoraji wa Ulaya, kwa hiyo alitumia iliyokuwa dukani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, wakimdhania kuwa mwizi, akafa, naye alikuwa amefanya kazi ile miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea, na kibao chenye rangi ya mafuta kikawa mali ya wachoraji wote wa Dar es Salaam. Lilanga alikichukua. Kutoka Tunduru mpaka Masasi ni barabara moja. Mmoja akaleta rangi, na mwingine akaleta watu wake wenye masikio.

Sasa nifike kwenye neno lililonipeleka Mahuta, yaani mashetani.

Neno hili latudanganya. Katika Kiswahili cha kanisani, shetani ni mmoja, adui yetu, wala hapana haja ya kumweleza. Lakini katika Kiswahili cha pwani, toka kale, watu huita shetani kila kiumbe kisichoonekana: pepo anayepungwa kwa ngoma, zimwi la msituni, jini wa kisimani. Bara huku tulikuwa na majina yetu wenyewe kwa viumbe hivyo, na tulikuwa na mahoka, nao ni wazee waliokufa. Hakuna aliyewaita shetani mpaka lilipokuja neno la pwani likafagia yote katika kapu moja. Katika miaka ya 1950 mchongaji mmoja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Samaki Likankoa, alichonga sanamu ambayo haikuwa mtu wala mnyama, viungo vyake vimepinda na jicho liko pasipo pake. Aliipeleka kwa Mohamed Peera, mfanya biashara wa sanamu pale Dar es Salaam. Peera akaipenda, akataka nyingine. Sanamu za namna hiyo zikapata soko, na jina lililoshika sokoni ni hilo la shetani. Wageni walilipenda jina hilo, maana liliwatia hofu kidogo, na hofu kidogo huongeza bei.

Hivyo ndivyo Lilanga alivyorithi neno hilo pamoja na kazi. Lakini mtazame aliyoyafanya. Mashetani wa Samaki na wenzake ni wa usiku; ni wembamba, wana mapengo, wamejikunja kama moshi. Wa Lilanga ni wa mchana. Wanakwenda sokoni. Wanambeba mgonjwa kumpeleka hospitali. Wanapiga ngoma, wanagombana, wananong'onezana habari za jirani, wanamwita mtoto aje kula. Picha zake alizipa majina marefu ya Kiswahili, mengine ni sentensi nzima, kama neno ambalo mtu amelisikia dirishani akipita. Wazungu waliozinunua walilazimika kutafuta mtu wa kuwasomea.

Tena mimi nimeona jambo jingine, nalo ni langu mwenyewe, asilaumiwe mtu. Ile midomo mizito iliyotokeza mbele, bibi zetu waliovaa ndonya walikuwa nayo. Ile mistari na madoa yaliyojaza kila nafasi, je, si kama chale za mashavuni na kifuani, ambazo fundi wake hakuacha mahali wazi? Na yale mavazi yanayocheza, na viuno, na nyuso zilizo kubwa kupita miili, nani kati yetu hajaona mapiko wakitoka siku ya jando? Mtu aliyezaliwa Kikwetu hakuwa na haja ya kuota ndoto za kuzimu ili apate sura zile. Alikuwa nazo machoni toka utotoni.

Sisemi kwamba hakuna hatari. Yuko mtu anayenunua sanamu akaitia dawa na kuisemesha usiku, na huyo hana ubishi na mimi. Nitakwenda kumwambia aiache. Lakini hapa kwetu Masasi tuna mfano wa kale wa kupima vitu kabla ya kuvitupa. Vincent Lucas, aliyekuwa padre wetu kisha Askofu wa Masasi toka mwaka 1926, aliliona jando jinsi lilivyo, akatenganisha lililo ovu na lililo jema, na watoto wa Kikristo wakapata jando lao. Wako waliomlaumu siku zile, na wako wanaomlaumu hata leo. Hata hivyo hakuhukumu jando kwa jina lake, alikwenda akatazama.

Nirudi kwa Lilanga. Sifa zake zilikua. Jean Pigozzi, tajiri wa asili ya Italia, aliyeanza mwaka 1989 kukusanya kazi za wachoraji wa Afrika, alinunua za Lilanga akaziweka pamoja na za Chéri Samba wa Kinshasa, ambaye naye huandika maneno ndani ya picha zake. Wengine hudai kwamba Keith Haring, kijana wa New York aliyechora watu wanaocheza katika vituo vya treni za chini ya ardhi, aliwahi kuona kazi za Lilanga akajifunza kwake. Mimi siwezi kuapa. Watu wawili wanaweza kuchora ngoma pasipo kuonana, kwa kuwa ngoma ziko kila mahali. Lakini hili ni hakika: mwaka 2004 yalifunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, maonyesho makubwa yaitwayo Africa Remix, yenye kazi za wasanii wa Afrika nzima. El Anatsui alikuwamo, mwana wa Ghana aliyeishi Nigeria, ambaye hushona vifuniko vya chupa kwa waya hata vikawa kama kitambaa cha kifalme. Na Lilanga wa Kikwetu alikuwamo. Mwaka 2005 maonyesho hayo yalikwenda London, kisha Paris, na baadaye Tokyo na Johannesburg.

Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu tena za kuyafuata. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa umemdhoofisha, hata akapoteza miguu. Alifanya kazi ameketi, na vijana wamemzunguka. Yeye huchora mistari, wao hujaza rangi, naye husema hapa weka manjano, hapa acha. Kwa sababu hiyo yametokea mabishano mengi: kibao gani ni cha mkono wake, kipi ni cha mwanafunzi, na kipi ni cha mwizi aliyeandika jina lake tu. Wenye fedha hugombania jambo hilo sana. Sisi tuliokulia katika nyumba za mafundi hatushangai. Fundi mzee huelekeza, na kijana hupiga randa. Ila kuandika jina la mtu usiyemjua juu ya kazi yako ni uwongo, nako hakuna jina jingine.

Lilanga alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005. Siku ile picha zake zilikuwa zimetundikwa Paris, na watu wanapanga mstari kuziona. Nimewauliza watu kumi hapa Tandahimba, kati yao walimu wanne, kama walisikia habari za msiba ule. Mmoja tu alisema ndiyo, naye alidhani marehemu alikuwa mpiga ngoma.

Hapa napaswa kuungama jambo. Zamani kidogo, katika shule niliyokuwa nikifundisha dini, palikuwa na mvulana mmoja aliyekaa nyuma karibu na dirisha. Daftari lake la katekisimu lilikuwa na maswali upande mmoja na majibu upande wa pili, na pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na watu aliowachora kwa kalamu ya risasi: vichwa vikubwa, matumbo, masikio. Nilimwita mbele. Nikamwuliza kama hayo ndiyo aliyotumwa na wazazi wake kujifunza. Kisha nikazichana kurasa zile mbele ya wenzake, moja moja, nikamsimamisha juani mpaka kengele ya mwisho. Hakulia. Wakati nikizichana alisema kwa sauti ndogo, "Shikamoo Mwalimu, samahani, yule wa chini ni wewe." Darasa likacheka, nami nikaongeza adhabu.

Sikumfikiria tena kwa miaka mingi. Mwaka jana nilikuwa Newala kwa mkutano wa makatekista, nikamwona mtu amepanda ngazi mbele ya kinyozi, akichora vichwa vya wanaume juu ya ubao, kila kichwa na mtindo wake wa nywele. Akaniona, akashuka, akanifuta mkono wake suruali kabla ya kunipa. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimwitikia marahaba, nikamwuliza habari za wazazi, nikaenda zangu mkutanoni. Wakati ule sikuwa na neno la kumwambia. Baada ya kusoma habari za mlinzi wa usiku wa Nyumba ya Sanaa, nilipanda gari nikarudi Newala, nikamtafuta kwa kinyozi. Nilimwambia niliyoyafanya siku ile hayakuwa haki. Akacheka, akasema alikwisha kusahau. Sikumwamini, maana mtu anayekumbuka kila kichwa anachokichora hasahau kitu cha namna hiyo. Nikamwuliza kama bado huchora watu wenye masikio. Akanitazama kidogo, akasema, "Mara moja moja, usiku, wateja wakiisha."

Basi nikarudi Mahuta na habari zangu. Tukaketi sebuleni: mwalimu, mkewe, mimi, na mama mzazi wa mwalimu, bibi mkongwe mwenye chale mashavuni na tundu la ndonya juu ya mdomo. Nikawasimulia yote haya niliyowaandikia ninyi. Mama mwenye nyumba alisikiliza sana, tena aliuliza maswali mazuri kuliko mumewe. Akataka kujua Sista yule aliwalipa vijana kiasi gani, na kama mke wa Lilanga alipata chochote alipokufa. Sikuwa na jibu. Kisha akasema kwamba habari za mtu amezikubali, lakini kibao bado hakimpendezi, maana usiku taa ikiwaka macho yale humfuata.

Ndipo bibi akasema apewe kibao. Akakiweka magotini, akakitazama kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya kila mmoja. Akaanza kucheka peke yake, mabega yakatikisika.

"Nani kasema hawa ni mashetani?" akauliza. "Mwanangu Katekista, umesoma wewe. Shetani gani abebaye mtoto mgongoni? Huyu ametoka kisimani, tazama shingo yake, ule mtungi ni mzito. Na hawa wawili wamelewa."

Mkwewe akainama kutazama. Akatazama tena. Akasema yule wa kushoto kweli ana mwendo wa mtu fulani wa jirani, jina lake silitaji hapa, maana naye hupokea gazeti hili. Mwalimu alitaka kusema neno, nikamkanyaga mguu chini ya meza, akanyamaza.

Walikubaliana hivi: sebuleni inabaki picha ya arusi peke yake, na kibao kimehamia ukumbini karibu na mtungi wa maji, mahali ambapo bibi huketi jioni. Nilipita hapo juma lililopita. Watoto wamewapa wale wanne majina ya watu wa kijiji, na hubishana nani ni nani. Mwenye mtoto ni shangazi yao. Mwenye mtungi ni bibi mwenyewe, alijichagua. Yule mwenye masikio makubwa kupita wote naye amepewa jina, lakini nilipowauliza ni nani, walikimbia nje wote kwa pamoja.